Kuhamisha Mfumo wa Kompyuta kutoka Kijiti cha USB hadi Mashine Pepe: Njia, Vikwazo na Istilahi

0. UTANGULIZI

Mtafiti wa lugha wa siku hizi hukusanya na kuchambua data zake kwa kompyuta. Masimulizi hurekodiwa katika faili za sauti na kunukuliwa kwa programu kama ELAN, iliyotungwa katika Taasisi ya Max Planck ya mjini Nijmegen, Uholanzi. Matamshi hupimwa kwa Praat, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Pale ambapo kompyuta moja hutumiwa na watu wengi, mtafiti hawezi kuviacha vyombo vyake vyote juu ya mashine ya wote, kwani kesho huenda mwingine akazifuta programu zile au akabadilisha mpango wake wa kazi. Ndiyo maana baadhi ya watafiti na wanafunzi wameona heri kuuweka mfumo mzima wa uendeshaji ndani ya kijiti cha USB. Kijiti huchomekwa, kompyuta huwashwa kwa kijiti hicho, na mazingira yote ya kazi humfuata mwenyewe popote aendapo.

Njia hii ina manufaa yake, lakini pia ina mwisho wake. Kijiti huchakaa, hupotea, au husahaulika katika kompyuta ya mtu mwingine. Kikipotea, hazipotei faili tu, bali hupotea pia mpango mzima uliozifanya faili hizo zisomeke. Mfano ulio wazi kwa wanaisimu ni ule wa fonti za zamani. Kabla ya Unicode kuenea, wengi waliandika alama za kifonetiki kwa fonti maalumu, mojawapo ikiwa SILDoulos IPA93. Katika fonti hizo alama ya kifonetiki ilikalia nafasi ya herufi au alama nyingine ya kawaida. Faili ya namna hiyo ikifunguliwa katika kompyuta isiyo na fonti ile, unukuzi wa miaka mingi hugeuka mfululizo wa herufi zisizo na maana. Maneno bado yamo, ila hayasomeki tena.

Makala haya yamekusudiwa kueleza jinsi mfumo uliowekwa katika kijiti cha USB unavyoweza kuhamishwa, pamoja na programu, fonti na mipango yake yote, ukawa mashine pepe ndani ya kompyuta nyingine. Kwanza yatafafanuliwa maneno makuu. Halafu zitaelezwa hatua za kazi yenyewe. Baadaye vikwazo vinavyowapata wengi. Na mwishoni yatasemwa machache kuhusu istilahi za Kiswahili katika uwanja huu.

1. MAANA YA MANENO MAKUU

1.1. Kijiti kiwezacho kuwasha kompyuta

Kompyuta inapowashwa, programu dhibiti iliyomo katika ubao wake mkuu ndiyo inayoamka kwanza. Kazi yake ni kukagua vifaa, kisha kutafuta mahali ulipo mfumo wa uendeshaji. Katika kompyuta za zamani programu dhibiti hiyo huitwa BIOS. Katika za baadaye imeitwa UEFI. BIOS husoma kipande cha kwanza cha diski, chenye baiti 512, ambamo mna programu fupi ya kuanzishia pamoja na jedwali la ugawaji wa diski. UEFI yenyewe hutafuta faili ya kuanzishia ndani ya sehemu maalumu ya diski. Kijiti chochote chenye vitu hivi mahali pake, pamoja na mfumo wa uendeshaji, chaweza kuwasha kompyuta sawasawa na diski ya ndani.

Ifahamike kwamba kunakili faili za mfumo peke yake mara nyingi hakutoshi. Mtu akizikokota faili zote kutoka kijiti kimoja na kuzimwaga katika kingine, kile cha pili mara nyingi hakitawaka, kwa kuwa kipande cha kwanza na jedwali la ugawaji si faili na havionekani miongoni mwa faili. Jambo hili ndilo msingi wa yote yatakayofuata.

1.2. Mashine pepe

Mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina kumbukumbu yake, diski yake, kioo chake na kadi yake ya mtandao, lakini vyote hivyo ni huduma zinazotolewa na programu moja. Diski yake, kwa mfano, ni faili moja kubwa tu ndani ya diski ya kweli. Mfumo uliomo ndani huiona faili hiyo kuwa diski kamili.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza mfumo wake uitwao VM/370, ulioiwezesha kompyuta moja kubwa kutumiwa na watu wengi, kila mmoja akijiona ana mashine yake. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza masharti ambayo kompyuta yapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe kwa urahisi. Kompyuta ndogo za kawaida hazikuyatimiza masharti hayo, na kwa hiyo kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ililazimika kutumia hila ya kuzitafsiri baadhi ya amri za mfumo mgeni papo hapo. Tangu mwaka 2005 kwa Intel na 2006 kwa AMD, vichakato vyenyewe vilianza kutengenezwa vikiwa na uwezo huo. Leo programu za kuendeshea mashine pepe zinapatikana bila malipo: QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, na VirtualBox, ambayo sasa imo mikononi mwa Oracle, ndizo zitakazotumika hapa kama mifano.

2. SABABU ZA KUHAMISHA

Sababu ya kwanza ni uhai wa kijiti. Chembe za kumbukumbu zilizomo ndani yake huvumilia kuandikwa mara chache tu zikilinganishwa na diski nzuri. Kijiti kinachobeba hati pekee huandikwa mara moja moja. Kijiti kinachobeba mfumo wa uendeshaji huandikwa kila wakati, kwa sababu mfumo hutunza kumbukumbu za shughuli zake na faili za muda hata mtumiaji akiwa ametulia. Basi hicho cha pili huchakaa mapema zaidi, na mara nyingi hufa bila kutoa dalili.

Sababu ya pili ni nafasi ya kazi. Kompyuta inayowashwa kwa kijiti haiwezi wakati huohuo kutumika kwa mfumo wake wa kawaida. Mashine pepe, kinyume chake, hufunguka katika dirisha moja, na mtafiti huweza kunukuu sauti katika mfumo wake wa zamani huku akiandika makala katika mfumo mpya.

Sababu ya tatu, na pengine iliyo kubwa kuliko zote, ni hifadhi. Mashine pepe ni faili. Faili huweza kunakiliwa, kuwekwa katika diski tatu tofauti, kupelekwa kwa mwenzako wa chuo kingine, na kufunguliwa miaka mingi baadaye. Mazingira yote ya utafiti, pamoja na matoleo yaleyale ya programu yaliyotumika wakati wa uchambuzi, hubaki kama yalivyokuwa, na mwingine anaweza kuyapitia matokeo kwa vyombo vilevile.

3. AINA MBILI ZA MIFUMO KATIKA KIJITI

Kabla ya kuanza kazi, yafaa mtu ajue kijiti chake kina mfumo wa aina gani, maana tabia zake baada ya kuhamishwa hutofautiana.

Aina ya kwanza ni mfumo wa kuonjesha, usiosakiniwa kikweli. Hapa mfumo mzima umefungwa katika faili moja iliyobanwa, isiyoandikika, na huamka upya kila unapowashwa. Knoppix ya Klaus Knopper, iliyotolewa kwanza mwaka 2000, iliutambulisha mtindo huu kwa watu wengi ingawa yenyewe ilianza kwa sidii. Faili za mtumiaji hupotea mfumo ukizimwa, isipokuwa imetengwa sehemu ya pili ya kijiti kwa ajili ya kuzihifadhi. Mfumo wa aina hii huhama kwa urahisi, kwa sababu kila unapoamka hukagua vifaa upya bila kudhani kwamba ni vile vya jana.

Aina ya pili ni mfumo uliosakiniwa hasa, kama ambavyo ungesakiniwa katika diski ya ndani. Huu huandika mabadiliko yote mahali pake, na umezoea vifaa vya kompyuta fulani. Kwa upande wa Windows, Microsoft ilitoa utaratibu rasmi wa namna hii ulioitwa Windows To Go, uliokuja pamoja na Windows 8 mwaka 2012 na kuondolewa katika toleo la Windows 10 la mwaka 2020. Mifumo ya aina hii ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

4. HATUA ZA KAZI

Hatua zifuatazo zinadhani kwamba kazi inafanywa katika kompyuta yenye Linux. Anayetumia Windows aweza kuifanya hatua ya kunakili kwa programu ya Win32 Disk Imager, kwa kuchagua kitendo cha kusoma badala ya kuandika.

4.1. Maandalizi

Mfumo uliomo katika kijiti uzimwe kabisa, usilazwe tu. Mfumo unaoendelea kufanya kazi hubadilisha faili zake kila sekunde, na nakala inayochukuliwa wakati huo hufanana na picha ya mtu anayekimbia: kichwa kipo, miguu haieleweki. Kompyuta iwashwe kwa mfumo mwingine, halafu kijiti kichomekwe kama kifaa cha kawaida.

Pili, ipimwe nafasi. Nakala itakuwa na ukubwa uleule wa kijiti, hata kama kijiti hicho kimejaa robo tu. Kijiti cha gigabaiti 32 huzaa faili ya gigabaiti 32. Aidha, diski itakayopokea nakala isiwe ya mpango wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Mipango ya ext4, NTFS au exFAT inafaa.

4.2. Kunakili kijiti chote

Kwanza hutafutwa jina ambalo mfumo umekipa kijiti:

lsblk

Amri hii huorodhesha diski zote pamoja na ukubwa wake. Tuseme kijiti kimeitwa /dev/sdb. Sehemu zake, yaani /dev/sdb1, /dev/sdb2 na kuendelea, zikiwa zimefunguliwa, zifungwe kwa amri ya umount. Kisha kijiti chote hunakiliwa:

dd if=/dev/sdb of=kijiti.img bs=4M status=progress

Yafaa amri hii isomwe neno kwa neno kabla ya kutekelezwa. Kinachofuata if ni mahali data zinakotoka. Kinachofuata of ni mahali data zinakokwenda. Anayevigeuza viwili hivyo hatanakili kijiti, bali atakifuta, na amri haitamwuliza kama amekusudia. Tena iandikwe sdb, yaani kifaa kizima, wala isiwe sdb1, ambayo ni sehemu moja tu isiyobeba kipande cha kwanza kilichotajwa hapo juu.

Kwa kijiti kinachosomeka kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde, gigabaiti 32 huchukua dakika 27 hivi. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, au kijiti kimeanza kuharibika, ni afadhali kutumia ddrescue:

ddrescue /dev/sdb kijiti.img kijiti.map

Programu hii huandika katika faili ya tatu orodha ya vipande ilivyokwisha kusoma. Kazi ikikatizwa, amri ileile ikirudiwa huendelea pale ilipoishia. Vipande vibovu huviruka kwanza, huokoa vilivyo vizima, kisha hurudi kuvijaribu vile vigumu.

4.3. Kuhakiki nakala

Nakala isiyohakikiwa haifai kuaminiwa. Amri mbili zifuatazo hukokotoa alama ya utambulisho ya kila upande:

sha256sum /dev/sdb
sha256sum kijiti.img

Kila moja hutoa mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Zikilingana, nakala ni kamili. Zikitofautiana, hata kwa herufi moja, kazi ya kunakili irudiwe kabla ya kijiti kutumika kwa jambo jingine lolote.

4.4. Kubadilisha umbo

Nakala iliyopatikana ni taswira ghafi: kila baiti ya kijiti ina baiti yake katika faili. QEMU huweza kuitumia kama ilivyo, lakini VirtualBox huhitaji umbo lake:

VBoxManage convertfromraw kijiti.img kijiti.vdi --format VDI

Kwa QEMU, umbo la qcow2 lina faida ya kutohifadhi vipande vilivyojaa sufuri:

qemu-img convert -f raw -O qcow2 kijiti.img kijiti.qcow2

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: faili mpya mara nyingine haipungui sana. Sababu yake ni kwamba faili zilizofutwa katika kijiti hazikuondolewa kweli. Nafasi yake imeandikwa kuwa wazi, lakini data za zamani bado zimelala humo. Anayetaka faili ndogo huijaza kwanza nafasi tupu kwa sufuri, akiwa katika mfumo wenyewe, kisha hunakili upya.

Taswira ghafi isifutwe baada ya hatua hii. Ndiyo nakala ya asili, na majaribio yote yafanywe juu ya ile iliyobadilishwa umbo.

4.5. Kuunda mashine na kuiwasha

Katika VirtualBox huundwa mashine mpya, hutajwa aina ya mfumo uliomo, na badala ya kutengeneza diski mpya huchaguliwa faili ya kijiti.vdi. Kumbukumbu itakayotengwa isizidi nusu ya ile iliyopo, ili mfumo mwenyeji usikose pumzi. Diski iunganishwe kwa kidhibiti cha aina ya SATA, kinachofahamika na karibu mifumo yote. Kwa QEMU, amri moja yatosha:

qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -drive file=kijiti.qcow2,format=qcow2

Mara ya kwanza mashine yaweza kuchelewa kuamka, kwa kuwa mfumo unavitambua vifaa vipya. Subira ni sehemu ya kazi.

5. VIKWAZO NA UFUMBUZI WAKE

5.1. Mashine haioni mfumo wowote

Mara nyingi chanzo ni kutopatana kwa programu dhibiti. Mfumo uliosakiniwa kwa njia ya UEFI hauamki katika mashine pepe iliyowekwa BIOS, wala kinyume chake. Katika VirtualBox upo mpangilio wa kuwezesha EFI; katika QEMU huongezwa programu dhibiti iitwayo OVMF.

Hata hivyo pana ugumu mwingine. Mfumo wa UEFI uliosakiniwa kwa kawaida huandika njia ya faili yake ya kuanzishia katika kumbukumbu ya ubao mkuu wa kompyuta, wala si katika diski. Kumbukumbu hiyo hainakiliwi pamoja na kijiti, na mashine pepe huzaliwa ikiwa haijui lolote. Vijiti vingi huokolewa na desturi ya UEFI: isipopata maelezo yoyote, hutafuta faili yenye jina maalumu, \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Kijiti kilichozoea kuwasha kompyuta mbalimbali huwa na faili hii, na kwa hiyo huhama vizuri. Kilichofungamana na kompyuta moja tu chaweza kuikosa, na hapo faili ya kuanzishia hunakiliwa kwa mkono kwa jina hilo.

5.2. Mfumo waanza, kisha wasimama

Katika Linux, faili ya /etc/fstab hueleza diski zipi zifunguliwe. Ikiwa imeandikwa kwamba mzizi wa mfumo uko katika /dev/sdb2, mashine pepe itautafuta humo bila kuupata, kwani huko diski pekee huitwa /dev/sda, au /dev/vda katika baadhi ya mipango ya QEMU. Dawa ni kutumia alama ya utambulisho ya sehemu hiyo, yaani UUID, isiyobadilika diski inapohamishwa. Mifumo mingi ya siku hizi hufanya hivyo yenyewe.

Chanzo cha pili ni viendeshi. Kiini cha mfumo huamka kikiwa na mkoba mdogo wa viendeshi vya lazima. Debian kwa kawaida hupakia karibu vyote; Fedora hupakia vile tu vinavyohitajiwa na kompyuta iliyopo. Katika hali hii ya pili, huchaguliwa mstari wa uokoaji katika orodha ya kuanzishia, kisha mkoba hutengenezwa upya. Windows nayo, ikikosa kiendeshi cha diski, huweza kusimama na kuonyesha alama ya 0x7B. Kubadilisha aina ya kidhibiti cha diski katika mipangilio ya mashine pepe hutatua mara nyingi. Ijulikane pia kwamba Windows hufungamanisha leseni na vifaa, hivyo yaweza kudai kuthibitishwa upya.

5.3. Mtandao haufanyi kazi

Linux ya leo huipa kadi ya mtandao jina kulingana na mahali ilipo katika mashine. Kadi iliyoitwa enp3s0 katika kompyuta ya kweli yaweza kuitwa enp0s3 katika VirtualBox. Mipango iliyoandikwa kwa jina la kwanza haitakuwa na nguvu juu ya la pili, na yatosha kuirekebisha.

5.4. Mashine ni nzito mno

Kwanza ikaguliwe kama uwezo wa kichakato wa kubeba mashine pepe umewashwa katika mipangilio ya BIOS au UEFI. Baadhi ya kompyuta huuzwa ukiwa umezimwa. Pili, kijiti kilichotengenezwa kwa ajili ya vichakato vya aina ya ARM hakiwezi kunufaika na uwezo huo katika kompyuta ya Intel au AMD. QEMU yaweza kukiiga kichakato hicho, lakini kwa mwendo wa kobe.

6. TAHADHARI

Taswira ya kijiti ni kijiti chenyewe. Maneno ya siri, funguo za kuingilia katika seva, barua, na hata faili zilizodhaniwa kufutwa, vyote vimo. Mtafiti aliyerekodi watu wakisimulia habari za familia zao au za vita aliwaahidi wasimulizi hao kutunza siri. Kuigawa taswira nzima kwa mwenzake, akidhani anagawa programu tu, ni kuivunja ahadi hiyo. Ikiwa kijiti kilisimbwa, taswira yake nayo imesimbwa, na nywila ileile ndiyo itakayoifungua. Aliyeisahau hatasaidiwa na kuhamisha.

Vilevile, kijiti na nakala yake visiunganishwe katika mtandao mmoja kwa wakati mmoja. Vina jina moja na alama moja ya utambulisho, na huduma za mtandao huweza kuvichanganya. Mbaya zaidi, mtu akiandika leo katika kijiti na kesho katika mashine pepe, baada ya mwezi atakuwa na kamusi mbili zinazotofautiana, na hakuna amri itakayomwambia ipi ni sahihi. Siku ya kuhamia iwe siku ya kuacha kuandika katika kijiti.

7. KUHUSU ISTILAHI

Kazi iliyoelezwa hapa haielezeki kwa Kiswahili bila kugusa suala la maneno. Neno pepe lilizoeleka kwa njia ya barua pepe, ambamo lilihusishwa na upepo na kitenzi pepea: barua ipitayo hewani. Katika mashine pepe hakuna kinachopita hewani. Maana imepanuka, na sasa pepe hudokeza kitu kitendacho kazi bila kushikika kwa mkono. Baadhi hupendelea dhahania. Lakini kilicho dhahania kimo katika fikira tu, ilhali mashine pepe huhesabu, huandika na hata huharibika kama mashine nyingine yoyote. Kwa hoja hiyo, pepe lina nguvu zaidi.

Jozi ya mwenyeji na mgeni inastahili kutajwa peke yake. Kompyuta ya kweli ni mwenyeji. Mfumo unaokaa ndani ya mashine pepe ni mgeni. Wasomaji wa Kongo, waliojifunza kompyuta kwa Kifaransa, wanajua kwamba neno hôte katika lugha ya kawaida humaanisha yule apokeaye na pia yule apokelewaye. Ndiyo maana wanakompyuta wa Kifaransa hulazimika kulitumia neno invité kwa huyo wa pili. Kiswahili hakina utata huo. Tena uhusiano wenyewe unaeleweka mara moja kwa msemaji wa Kiswahili: mgeni hula kilichopo, hulala alipoonyeshwa, wala hafungui vyumba vya mwenyeji bila ruhusa. Ndivyo hasa mfumo mgeni unavyoishi.

Kuhusu taswira, neno hilo limechaguliwa badala ya nakala kwa sababu nakala yaweza kuwa ya faili chache, ilhali taswira huonyesha umbo zima, pamoja na nafasi zilizo tupu. Kijiti chenyewe, katika mazungumzo ya kila siku, huitwa kwa jina la Kifaransa, clé, na upande wa mashariki wengi husema flashi. Neno kijiti lina faida ya kuwa na ngeli iliyo wazi na wingi ulio rahisi.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba kuhamisha mfumo kutoka kijiti cha USB hadi mashine pepe ni kazi ya hatua tano: kuandaa, kunakili kijiti chote pamoja na sehemu zisizoonekana, kuhakiki, kubadilisha umbo, na kuwasha. Vikwazo vingi hutokana na jambo moja, yaani mfumo kudhani kwamba bado uko katika kompyuta ya zamani.

Hata hivyo, mashine pepe isichukuliwe kuwa kaburi la kuhifadhia data zisizoguswa tena. Hiyo ni nafasi ya kupumua. Unukuzi ulioandikwa kwa fonti za zamani utasomeka humo leo. Lakini wakati bado unasomeka, na wakati aliyeuandika angali akikumbuka kila alama ilisimamia sauti gani, ndipo unapopaswa kugeuzwa kuwa Unicode. Faili zitadumu kwa kunakiliwa, lakini ujuzi wa mwandishi wake haunakiliki kwa dd.